UZI: Klasi 93 na ukoo mzima wa U26C, kutoka Erie hadi Mazeras

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nitashusha kidogo kidogo, mwenye swali aulize tu hapo katikati nitajibu nikirudi.

Kilichonisukuma ni picha moja imezunguka wiki hii kwenye magrupu ya WhatsApp, kichwa cha treni kimesimama kwenye majani, rangi imebabuka, na chini yake watu wanaandikiana "hiki chuma cha mkoloni bado kipo?". Nikavuta picha nikasoma namba ubavuni, inaanza na 93. Jamani hiyo si ya mkoloni hata chembe. Klasi 93 imeingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, uhuru una karibu miaka kumi na tano, na hata lile shirika la reli la Afrika Mashariki lilikuwa limeshavunjika mwaka 1977 na kila nchi imebeba chake. Shirika la Reli la Kenya likazaliwa 1978 na hivi ndo vilikuwa vichwa vyake vya ujana, vipya kabisa, vimetoka kiwandani Marekani. Sasa mtu akikiita cha mkoloni mi naumia, kwa sababu ami yangu alikiendesha miaka mingi na alikuwa akikitaja kama mtu anavyomtaja rafiki yake.

Kabla sijaendelea tuelewane maneno. Nikisema KICHWA namaanisha ile gari nzima inayovuta mabehewa. Nikisema INJINI ni ile mashine ya dizeli iliyomo ndani yake. Huku kwetu Pwani vyote tunaviita injini halafu mazungumzo yanachanganyika.

Na namba zenyewe zinasomwa hivi, tarakimu mbili za mwanzo ni klasi, mbili za mwisho ni kichwa cha ngapi. Kwa hiyo 9305 ni klasi 93, kichwa cha tano. Huo ni utaratibu wa tangu Afrika Mashariki, ndo maana Tanzania nao wana 88 zao na 73 zao na mtu wa reli wa Tabora akikutana na wa Nakuru wanaelewana bila mkalimani.

Mi nilizaliwa karibu na reli, Mazeras. Wanaoijua ile njia ya zamani wanajua kwamba treni ikitoka Mombasa inaanza kupanda mapema sana, haijapata hata kupumua, na hapo Mazeras reli inazunguka kama nyoka ikajipita yenyewe ili kupunguza ukali wa mlima. Usiku ungelisikia treni ya mizigo kutoka mbali, inakuja polepole, mwendo wa mtu anayekimbia, injini imefunguliwa yote mpaka nochi ya nane, yaani ngazi ya mwisho ya nguvu, na vyombo kwenye kabati la mama vinatetemeka vikigongana. Marehemu bibi alikuwa akisema "huyo tisini na tatu huyo" bila kutoka nje. Bibi hakusoma lakini sauti alizijua zote.

---

Sehemu ya pili. Jina.

Kwa Wakenya ni klasi 93, lakini kiwandani jina lake ni U26C. Kirahisi tu, U ni "Universal", yaani kichwa cha kuuzwa popote duniani, 26 ni hosipawa 2,600, na C ni ekseli tatu kwenye kila bogi (ile fremu ya magurudumu chini ya kichwa), bogi mbili, jumla ekseli sita na kila ekseli ina mota yake ya umeme. Mtengenezaji ni General Electric, kiwanda cha Erie, jimbo la Pennsylvania.

Hawa General Electric historia yao ni tamu. Mwanzo walikuwa hawauzi vichwa vikubwa vya dizeli kwa jina lao. Walikuwa na ubia na kampuni inaitwa Alco, Alco anatengeneza injini na bodi, wao wanaweka mambo ya umeme. Ubia ukaisha 1953. Wakaanza kujijengea injini yao, wakachukua muundo wa Cooper-Bessemer wakaulea mpaka ukawa wao, ukaitwa FDL. Mwaka 1956 wakatangaza vichwa vya Universal kwa ajili ya nchi za nje, halafu 1959 wakaingia soko la kwao wenyewe na U25B. Yule mbia wao wa zamani, Alco, alifunga kazi 1969. Wao wakapanda mpaka miaka ya 1980 wakampita EMD wa General Motors ambaye ndiye alikuwa bingwa wa dizeli Marekani kwa muda mrefu.

Kwa hiyo U26C ipo katikati ya hiyo safari. Ni kichwa kilichotengenezwa makusudi kwa nchi ambazo reli yake ni nyembamba na haibebi uzito mkubwa. Marekani kwenyewe hukioni, huko geji, yaani upana kati ya reli mbili, ni milimita 1,435 na vichwa ni vizito mno. Huku kwetu reli ya zamani ni mita moja kamili, ya Afrika Kusini na New Zealand ni milimita 1,067. Kichwa kikiwa kizito kupita kiasi reli inapinda, madaraja yanalia. Kazi ya mhandisi hapo ni kubana nguvu nyingi kwenye mwili mwembamba na mwepesi, na hilo ndo jambo U26C ililifanya vizuri kuliko wengi.

---

@fundi_wa_Changamwe: Mkuu unasema injini ya dizeli halafu mota za umeme, inakuwaje? Si ina giaboksi?

Swali zuri kaka, wengi wanajua kama lori. Hapana giaboksi ya kubadilisha gia. Injini ya dizeli inazungusha alteneta tu, ile alteneta inatoa umeme, umeme unapita kwenye rektifaya unakuwa wa DC, unateremka kwenye mota sita zilizoko chini zimekumbatia ekseli. Mota ndo zinazungusha magurudumu. Kwa hiyo ukiwa ndani ya kichwa umebeba stima yako mwenyewe, ni kama kituo kidogo cha umeme kinatembea. Dereva ana wenzo wa nochi nane, nochi ya kwanza injini inanong'ona, ya nane inanguruma yote. Na faida kubwa ni kwamba mota ya umeme ina nguvu nyingi mno ikiwa ndo kwanza inaanza kuzunguka, hapo ndipo treni ya mizigo inapohitaji nguvu, kuondoka pale iliposimama.

---

Sehemu ya tatu, na hapa ndo penyewe. Injini.

Inaitwa 7FDL-12. Silinda 12, zimepangwa V, sita kushoto sita kulia. Ni ya mipigo minne, siyo miwili kama za EMD. Kipenyo cha silinda inchi 9, mwendo wa pistoni inchi 10 na nusu. Ukipiga hesabu silinda moja peke yake ni kama lita 11. Probox yako ina lita moja na nusu. Yaani silinda MOJA ya 93 inameza Probox saba, na zipo kumi na mbili, jumla lita 131 hivi. Na inazunguka polepole, ukiifungua yote haifiki hata mizunguko 1,100 kwa dakika.

Mwaka mmoja nikiwa darasa la sita ami alinichukua likizo akaniingiza shedi. Nilivaa viatu vyake vimenizidi. Kichwa kilikuwa kimefunguliwa milango ya ubavu yote, unaona injini imekaa ndefu kama kitanda cha watu sita. Mafundi walikuwa wanachomoa silinda moja, R4, yaani ya nne upande wa kulia. Nilidhani wataitoa injini nzima. Kumbe hapana. FDL kila silinda ni kifurushi chake, kichwa cha silinda, koti lake la maji, laina, pistoni na rodi, vinakaa pamoja, mafundi wanaita powa asembli. Wanafungua nati, wanatenganisha bomba la mafuta na la moshi, wananing'iniza cheni juu, inapanda polepole inatoka kama jino linang'olewa, nyingine inashuka kwenye tundu lile lile. Lile tundu nikachungulia nikaona krankishafti chini inang'aa na mafuta, nene kuliko paja langu. Ami akanishika shingo akaniambia usiangushe kitu humo, hata sarafu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekibeba mpaka leo. Hivi vichwa vimeishi miaka zaidi ya arobaini, na si kwa sababu chuma cha Marekani hakiharibiki, kinaharibika sana. Vimeishi kwa sababu vinaharibika KWA VIPANDE. Silinda moja ikifa hukiiti kichwa kizima maiti. Unachomoa moja unaweka moja, kumi na moja zilizobaki hazijui hata kama mwenzao kabadilishwa. Na kile kifurushi kinatengenezwa mpaka leo kwa sababu injini hiyo hiyo ya FDL, ya silinda 12 na ya silinda 16, iliendelea kufungwa kwenye vichwa vya Marekani mpaka miaka ya 2000. Ile AC4400CW maarufu ya hosipawa 4,400 ni FDL ya silinda 16. Ndugu mkubwa wa 93 yetu.

Moshi sasa. Watu wanalalamika 93 inatoa moshi mweusi. Ni kweli, hasa ikianza kuondoka. Tabo yake, yaani ile feni inayosukuma hewa ndani ya silinda, inazungushwa na moshi wa injini peke yake. Dereva akipandisha nochi haraka, mafuta yanaingia mengi lakini tabo bado haijashika kasi, hewa haitoshi, mafuta hayaungui yote, unaona wingu jeusi juu ya kichwa. Sekunde chache tabo ikikolea moshi unakuwa mwepesi. Kwenye EMD tabo inasaidiwa na gia kutoka kwenye injini mwanzoni, ndo maana haina hiyo tabia sana. Dereva mzuri wa 93 hapandishi nochi kwa pupa, anasubiri. Ami alikuwa anaita "kumpa pumzi".

Na sauti! FDL ikiwa imetulia haiendi sawasawa, ni tuku... tuku-tuku... tuku, kama mtu anatwanga huku anafikiria jambo lingine. Ndiyo bibi alikuwa anaitambua kwa hiyo.

---

@Mtabora_asilia: Mkuu umetuacha Watanzania. 88 zetu je? Mzee wangu alikuwa Tabora depo, kila siku ni 88 tu. Ni ndugu na hiyo 93?

Mkuu karibu sana, shikamoo nyingi kwa mzee. Jibu ni kwamba 88 na 93 si ndugu wa damu, ni kama watoto wa mitala. Sikiliza. 88 ni MX620, imetengenezwa na MLW, Montreal, Kanada. Injini yake ni Alco 251 ya silinda 12, hosipawa 2,000. Unakumbuka nilisema Alco na General Electric walikuwa na ubia ukavunjika 1953? Alco alipokufa 1969 michoro yake ikaendelezwa na MLW kule Kanada. Kwa hiyo Tanzania mlikwenda na upande wa Alco, Kenya ikaenda na upande wa General Electric, waliokuwa chumba kimoja wakatengana wakaja kukutana tena huku Afrika Mashariki kwenye reli ya mita moja. Halafu cha ajabu zaidi, vitu vya umeme kwenye MLW vilitoka General Electric ya Kanada. Na zile 73 zenu za India nazo ni Alco 251, ila silinda sita.

Kwa moyo wangu napenda 93 lakini sitamdharau Alco, ile 251 ni injini ngumu na sauti yake ni tamu. Mzee akiwa na hadithi za Tabora mlete hapa, mi nitakaa chini nisikilize.

---

@Mtabora_asilia: Shikamoo yako imefika mkuu. Mzee anasema 88 ikipanda kutoka Kilosa kwenda Gulwe na mvua imenyesha ndo utamjua dereva ni nani.

Namwamini asilimia mia. Reli ikilowa ni mchanga tu unaokuokoa. Kichwa kina masanduku ya mchanga mkavu, dereva anabonyeza, mchanga unamwagika mbele ya magurudumu yashike. Ami alikuwa anakagua mchanga kabla ya kukagua chochote, anatia mkono ndani anausugua kwenye vidole, ukiwa na unyevu anawaambia wautoe wakaange upya.

---

Sehemu ya nne. Ndugu wa damu sasa, wenye jina U26C kama sisi.

Afrika Kusini ndo wenye wingi. Wao wanaita klasi 34, halafu wanaigawa. 34-000 ni vya kwanza, vichwa 125, vimeingia kati ya 1971 na 1973. Vina uzito wa tani 111, gawa kwa sita ni tani 18 na nusu kila ekseli. Halafu 34-400, vichwa 100, 1973 na 1974, na hivi vilijengwa huko huko Afrika Kusini kwa leseni. Baadaye zikaja 34-500 mwaka 1977 na 34-900 kuelekea 1980. Mtu asiyezoea hawezi kuzitofautisha kwa macho, tofauti ni vichujio vya hewa na mambo madogo madogo ya bodi. Ila angalieni mtego, klasi 34 ya Afrika Kusini siyo yote General Electric. 34-200, 34-600 na 34-800 ni za EMD, ni GT26MC. Namba za familia moja, mama tofauti. Nimeona watu wengi wakibishana juu ya hili bila sababu.

Kuna njia moja kule inaitwa Sishen hadi Saldanha, kilomita 861, inashusha mawe ya chuma kutoka ndani mpaka bahari ya Atlantiki. Ilifunguliwa 1976. Baadaye ikawekewa umeme wa volti 50,000, lakini dizeli za klasi 34 hazikuondoka, zilichanganywa na vichwa vya umeme kwenye treni moja. Treni hiyo ilikuja kufika mabehewa 342, urefu kama kilomita 4. Simama pale Mazeras ufikirie treni ambayo kichwa chake kimeshakwenda karibu kilomita nne na mkia bado uko kwako. Kwenye vile vichwa vya umeme walikuwa wanabeba hadi skuta ndogo, kukitokea hitilafu huko nyuma fundi anapanda skuta anaenda kukagua kando ya reli, kwa mguu angefika usiku. Hiki kitu nilipokijua nilicheka kwa furaha peke yangu.

Ndugu wa pili wako New Zealand. Huko wanaziita DX. Zilikuwa 49 tu, zimefika kati ya 1972 na 1976, na mwanzoni namba zake zilianza 2600 mpaka 2648. Uzito tani 97.5, nyepesi kuliko za Afrika Kusini, kwa sababu reli yao na madaraja yao ni ya kubembeleza kama ya kwetu. Hapo utaona ujanja wa U26C, injini ile ile, alteneta ya aina ile ile, lakini uzito unapangwa kulingana na reli ya mteja.

Na New Zealand ndo waliocheza nazo zaidi. Badala ya kutupa wakawa wanazifumua na kuzijenga upya, kila zikijengwa zinapata jina jipya. Kuna DXB, kuna DXR ambazo ni mbili tu zenye chumba kipya cha dereva, na kuna DXC. Hii DXC ndo napenda kuisimulia.

Kuna handaki linaitwa Otira, linapenya milima ya Kisiwa cha Kusini, urefu kilomita 8 na nusu, lilifunguliwa 1923, na ndani yake ni mlima mkali, unapanda mita moja kila mita 33. Tangu mwanzo walitumia vichwa vya umeme humo, maana moshi ungeua watu. Mwaka 1997 umeme ukaondolewa, DX zikaambiwa ziingie zenyewe, na mzigo ni makaa ya mawe kutoka pwani ya magharibi kwenda bandari ya Lyttelton. Sasa fikiria, vichwa vitano vya dizeli vimefungwa pamoja, vyote vimefunguliwa, ndani ya shimo lisilo na upepo. Kichwa cha kwanza kinatapika moshi wa moto, cha pili kinauvuta, cha tatu kinavuta wa pili. Hewa imekwisha oksijeni, injini inachemka.

Wakafanya mambo mawili. La kwanza, mlango kwenye mdomo wa handaki na feni kubwa. Treni ikishaingia yote mlango unafungwa nyuma yake na feni inanyonya moshi. La pili ndo DXC yenyewe, wakahamisha sehemu ya kuvutia hewa kutoka juu wakaishusha chini, kwa sababu moshi wa moto unapanda kwenye dari ya handaki na hewa ya baridi inabaki chini karibu na reli. Jambo dogo hivyo. Mtu alikaa akafikiria moshi unaenda wapi akakata bati akalishusha, na kile kichwa cha miaka ya 1970 kikapita.

---

@Binti_Makupa: Kaka hii nimeipenda mno. Lakini sisi hatuna handaki kama hilo, kwetu shida ilikuwa nini hasa? Na ile treni ya Kisumu ni 93?

Asante dada. Kwetu shida ni MLIMA NA HEWA. Angalia, Mombasa ni usawa wa bahari. Nairobi ni zaidi ya mita 1,600. Treni ikiendelea Uganda kupitia Nakuru na Eldoret inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Hewa ya kule ni nyembamba, hata binadamu akipanda ngazi anahema. Injini isiyo na tabo kule inapoteza nguvu nyingi mno. Tabo ndo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, kwa hiyo 93 ikifika Timboroa bado ina kifua. Ile tabo inayotoa moshi mweusi ukiondoka Changamwe ndiyo hiyo hiyo inayokufikisha juu.

Na kabla ya dizeli kazi hiyo waliifanya klasi 59 za mvuke, hizo nazo tusizisahau. Beyer Peacock wa Manchester walijenga 34, 1955 na 1956, kila kimoja tani 252, kila kimoja kina jina la mlima wa Afrika Mashariki. Tani 1,200 kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Mount Gelai namba 5918 bado iko makumbusho ya reli Nairobi, nendeni mkaiguse. Ami alianza kazi kama faya wa mvuke, akasema siku ya kwanza alipopewa 93 alikaa kwenye kiti akangoja mtu amwambie achochee moto.

Kuhusu Kisumu, njia ya mita moja ilifufuliwa na treni ya abiria ikarudi Desemba 2021 baada ya kulala miaka. Mimi niliyoipanda ilivutwa na 93. Nilikaa behewa la kwanza makusudi, dirisha wazi, na tulipoanza kuteremka kuelekea Naivasha nikasikia sauti imebadilika, injini imetulia lakini kuna kama upepo mkubwa unavuma juu ya kichwa. Hiyo ni breki ya umeme. Dereva anazigeuza zile mota ziwe jenereta, magurudumu yanazizungusha, umeme unaotoka unachomwa kwenye gridi kama za jiko la umeme juu ya paa na feni inazipoza. Treni inashikwa bila kusugua kiatu cha breki. Mama mmoja aliyekaa nami akauliza "kuna nini kinavuma?", nikamweleza mpaka tukafika chini, hakuchoka, aliuliza maswali mazuri kushinda vijana.

---

@kijana_wa_SGR: Heshima kwenu wazee lakini hiyo ni historia. Mzigo siku hizi ni SGR. Hizo 93 zinafaa vyuma chakavu.

Kijana karibu, hatugombani. SGR naipenda na vichwa vyake navijua. Vya mizigo ni DF8B, kiwanda cha Qishuyan, China. Kenya ilichukua 43, pamoja na DF11 tano za abiria na DF7G nane za kupanga mabehewa, jumla 56. Vya kwanza vilishuka bandarini Mombasa Januari 2017. DF8B ina injini ya silinda 16, kila moja kipenyo milimita 280, na China wenyewe walianza kuitumia 1997. Treni za mizigo zikaanza rasmi Januari 2018.

Lakini nikuulize, hiyo DF8B inaweza kuingia Kisumu? Nanyuki? Malaba? Haiwezi. Geji ni tofauti na uzito ni mwingine. SGR inaishia Suswa, karibu na Naivasha, na kontena linalokwenda Uganda kwa reli linahamia kwenye reli ya mita moja, na hapo linavutwa na nini? Kwa hiyo kusema vyuma chakavu ni kukata mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una nguvu zaidi.

Na hili uliweke akilini. Mwaka 2014 kampuni iliyokuwa na mkataba wa reli ya Kenya na Uganda ilileta vichwa 20 vilivyofanyiwa ukarabati kutoka Marekani, vikaitwa klasi 96. Vile ni B23-7, vya General Electric vile vile, vilitengenezwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, hosipawa 2,250. Vikabadilishwa geji vikaja huku. Unajua ndani yake mna injini gani? 7FDL-12. Ile ile. Silinda ya 96 na ya 93 ni ukoo mmoja. Na General Electric wenyewe walishauza kitengo cha reli kwa Wabtec mwaka 2019, lakini vipuri vya FDL bado vinatoka, kwa sababu dunia imejaa hizo injini, Brazili, Afrika Kusini, New Zealand, huku kwetu.

---

@kijana_wa_SGR: Hiyo ya 96 kuwa na injini sawa sikuijua. Nimekubali mkuu. Sasa ungetaka zifanywe nini?

Ahsante kwa kuuliza kwa uungwana. Zinazotembea zitembee. Zilizokufa zichomolewe vipuri ziokoe wenzake, hiyo ndo desturi ya karakana yoyote duniani. Ila MOJA, naomba moja tu, isafishwe, ipakwe rangi, iwekwe makumbusho pale pembeni ya Mount Gelai. Ifunguliwe milango ya ubavu na silinda moja itolewe iwekwe juu ya meza, watoto waone. Mi niliona nikiwa darasa la sita na sijasahau mpaka leo ile R4.

Mvuke tumeuhifadhi kwa sababu ni mzuri kwa macho, una moshi na magurudumu makubwa. Dizeli ni sanduku, hakuna anayeililia. Lakini mahindi mliyokula, mafuta ya taa ya mama zenu, mbolea, saruji ya nyumba nyingi za bara, vilipandishwa mlima na hilo sanduku.

---

@Binti_Makupa: Kaka, ami yuko?

Alishatangulia dada, Mungu amrehemu. Alistaafu kabla ya SGR kuanza kujengwa. Kofia yake na taa yake ya mkono ninazo mimi, na kidaftari ambacho alikuwa akiandika namba ya kichwa, tarehe, na neno moja tu la hali yake. Kurasa nyingi ni "mzima". Kwenye 9312 kuna sehemu ameandika "pumzi fupi" mara tatu mfululizo, halafu wiki mbili baadaye "mzima".

Kesho nikitoka kazini nitapiga picha hizo kurasa niziweke hapa. Mwenye picha ya 93 yoyote aiweke na namba isomeke, nianze kupanga orodha ya zipi bado zinatembea na zipi zimelala wapi. Mtabora, mwambie mzee nasubiri za 88 pia.